Nchi ya Wakata Simu

Ipo nchi, si mbali sana na hapa wala si karibu mno, ambayo watu wake waliibiwa kwa simu mpaka wakazoea. Mtu akiamka na salio lilelile alilolala nalo, majirani walimjia kumpongeza. Wezi wa huko hawakuwa na panga wala bunduki. Walikuwa na sauti nzuri na subira. Mmoja alijifanya fundi wa mitambo ya simu, mwingine alikuwa amekutumia fedha kwa bahati mbaya, na wa tatu alikuwa mganga aliyekuota. Serikali iliyatazama mambo hayo kwa utulivu mkubwa, tena kwa miaka mingi, kwa kuwa walioibiwa walikuwa wananchi.

Kisha akaibiwa mkwe wa mtu mkubwa. Wiki ileile ikaundwa Wizara ya Tahadhari.

Haifai kuisema vibaya wizara hiyo kabla ya kueleza mema yake. Ilianza vizuri. Iliteua kamati ya wataalamu, ikawapeleka nchi za baridi kujifunza, nao wakarudi na makoti mazito na sentensi moja. Sentensi yenyewe ilikuwa safi, na aliyeitunga anastahili shukrani popote alipo. Ilisema: "Ukiombwa fedha au namba ya siri, kata simu, kisha mpigie mwenyewe mhusika kwa namba unayoijua." Kamati ilipiga makofi. Sentensi ikapelekwa kiwandani ichapwe kwenye mabango, pamoja na picha ya Waziri.

Picha ya Waziri ilikuwa pana. Mpiga chapa akauliza kwa adabu kama ingewezekana kuipunguza kidogo ili maneno yote yaenee.

Mshauri wa Waziri alimtazama kama mtu aliyetukana dini. "Waziri hapunguzwi," alisema. "Punguza maneno."

Basi mabango yakatoka yameandikwa KATA SIMU, na sehemu iliyobaki ya sentensi ikawa chini ya kifungo cha tatu cha koti la Waziri, na huko ndiko iliko hadi leo. Pembeni, kwa herufi ndogo, raia walielezwa dalili za tapeli: hulia, ana haraka, hutaja ugonjwa au kifo, na huomba fedha.

Ili kuwatia watu moyo, Wizara ilitoa beji ya shaba iitwayo Raia Macho kwa kila aliyekata simu ya tapeli na kutoa taarifa. Watu waliipenda beji ile. Walikata simu za matapeli, wakakata za waajiri, wakakata za wachumba. Rais mwenyewe alimpigia Waziri kumpa hongera, na Waziri akakata. Inasemekana Rais alicheka mpaka akatokwa na machozi, akamwongezea Waziri gari.

*

Katika mji mkuu wa nchi hiyo aliishi mwanamke mmoja, dobi, jina lake Mwasiti. Alikuwa na banda la mabati nyuma ya soko, na pasi mbili za mkaa, moja ikiwa kazini nyingine ikipata moto. Ukutani, juu ya meza yake, maofisa walikuwa wamebandika bango la Waziri, na moshi wa mkaa ulikuwa umeanza kumgeuza Waziri rangi. Mwasiti hakuwa mjinga wala mtu wa kuamini ovyo. Wakimpigia wale wa kusema ameshinda gari, aliwauliza, "La mkaa au la mafuta?" kisha akakata kama alivyoagizwa.

Aliishi na mama yake, Bi Chausiku, aliyekuwa mgonjwa wa figo. Bi Chausiku alilazwa hospitali kuu, akakaa huko hadi Jumapili moja, muuguzi akamfunika shuka usoni.

Hapa inabidi kueleza desturi za watu wale, maana bila hizo mambo hayataeleweka. Huko kwao, msiba ukitokea, majirani na wateja hutoa rambirambi kwanza, mara moja tu. Hakuna anayetoa mara mbili kwa maiti mmoja, kwa kuwa ukitoa mara ya pili, wanasema, umelipia na kifo kinachofuata. Jamaa wa damu hutoa mwisho, siku ya maziko ikishatajwa. Na desturi kubwa kuliko zote ni hii: mfiwa hamuulizi jina anayemlilia. Mtu akija kilioni, hata humjui, unalia naye. Kumuuliza "Nani mwenzangu?" ni kumwambia kuwa machozi yake ni mageni katika nyumba hiyo, na mtu aliyeulizwa hivyo anaweza kuondoka asirudi mpaka nawe ufe.

Majirani wa Mwasiti walifungua kundi la msiba kwenye simu zao. Wakaweka picha ya marehemu, namba ya Mwasiti ya kupokelea rambirambi, na maneno "sambaza kwa wote". Nalo kundi likasambaa kwa wote. Kufikia Jumatatu adhuhuri, Mwasiti alikuwa amepokea fedha za kutosha kulipa deni la hospitali na kumtoa mama yake mochwari, na zingebaki za sanda na chai.

Ndipo simu ilipoita, na mwanamume akalia.

Alilia vizuri sana. Mwasiti, ambaye alikuwa amejizuia tangu jana ili aweze kushughulika, aliposikia kilio kile naye akapasuka.

"Dada Mwasiti," alisema yule mtu. "Bi Chausiku... Yule mama alinilisha mimi. Alinilisha, dada."

"Alilisha wengi," alisema Mwasiti.

"Poleni."

"Tumeshapoa."

Hakumuuliza jina. Angewezaje?

"Dada, nimekutumia mkono wangu wa pole. Lakini mikono ilikuwa inatetemeka, nimebonyeza vibaya, zimekwenda fedha zote za operesheni ya mtoto. Hebu tazama kama zimeingia."

Ujumbe ulikuwa umeingia kweli. Ulisema umepokea, ukataja kiasi kikubwa, ukataja na salio jipya. Kama Mwasiti angekuwa na macho makavu, angeona kwamba ujumbe ule ulitoka kwenye namba ya mtu, si kwenye jina la kampuni ya simu kama siku zote. Na kama angeangalia salio lake mwenyewe, angelikuta halijaongezeka hata senti. Lakini macho yake yalikuwa na maji, na mtu aliyekuwa akilia naye alikuwa na mtoto wa kupasuliwa.

"Toa mkono wa pole ubaki nao," alisema yule mtu. "Unirudishie kilichozidi. Mungu akulipe, dada. Madaktari wamesimama na visu."

Mwasiti akarudisha. Yule mtu akamwombea marehemu dua ndefu isiyo na kosa hata moja, wakalia tena kidogo, wakaagana.

*

Mochwari ya hospitali kuu ilikuwa na karani aliyeitwa Mzuzuri, mtu mpole, mnene, aliyependa kusema "taratibu" kabla ya kila neno baya.

"Taratibu, mama," alimwambia Mwasiti. "Simu yako inasema huna kitu."

"Zilikuwemo adhuhuri."

"Na marehemu alikuwa hai wiki iliyopita. Mambo hubadilika." Alisema hivyo bila ubaya wowote, kwa nia ya kumfariji. "Sasa sikiliza. Deni lisipolipwa hatumtoi. Na asipotolewa hadi Ijumaa asubuhi, anahesabiwa hana mwenyewe. Lori la halmashauri litamchukua pamoja na wenzake."

"Ana mwenyewe! Si mimi hapa?"

"Mwenyewe ni anayelipa, mama. Wewe kwa sasa ni mtu anayemfahamu."

Mwasiti alishika ukingo wa dirisha. "Na huko kwa halmashauri wanazikwaje?"

"Pamoja," alisema Mzuzuri, akateremsha sauti. "Bila jina. Lakini bure. Asiye na mwenyewe hadaiwi. Hapo Serikali imefikiria sana."

Kutoka hapo Mwasiti alikwenda kwenye Wizara ya Tahadhari. Alimkuta ofisa aitwaye Kasanga, kijana mwenye beji saba kifuani, amevaa suruali ya khaki yenye mstari ulionyooka kama wembe. Mwasiti aliutambua mstari ule. Aliupiga mwenyewe Jumamosi.

"Baba, mimi ni Mwasiti. Dobi wako."

Kasanga alitazama suruali, akamtazama yeye. "Suruali naitambua," alisema. "Wewe, mama, sikutambui rasmi. Eleza shida."

Mwasiti akaeleza yote kwa utaratibu, tangu kilio cha kwanza. Kasanga alimsikiliza huku akitikisa kichwa kwa masikitiko. Alipomaliza, ofisa akauliza swali moja.

"Ulikata simu?"

"Sikukata. Alikuwa ananilia mama yangu."

"Basi hukuibiwa, mama. Ulitoa."

"Nilidanganywa, baba."

"Wizara inamtambua mwathirika kuwa ni mtu aliyekata simu."

"Aliyekata simu si haibiwi?"

"Ndiyo maana takwimu zetu ni nzuri," alisema Kasanga, na uso wake ukang'aa. "Mwaka huu hatuna mwathirika hata mmoja. Nchi jirani wanakuja kujifunza." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, akainama juu ya meza. "Nikupe ushauri wa kiutu? Huna ndugu? Piga simu kwa ndugu zako."

*

Ndugu alikuwa nao. Walikuwa wametawanyika mikoani, na wengi walikuwa na zile simu ndogo za kubonyeza, kwa hiyo kundi la msiba halikuwafikia. Hawakujua kama Bi Chausiku amekufa. Zamani vifo vilitangazwa redioni kila jioni, lakini Wizara ilipiga marufuku matangazo yale, kwa sababu matapeli walikuwa wakiyasikiliza.

Mwasiti alianza na mkubwa wa ukoo, Mjomba Kitwana, kaka wa marehemu, tumbo moja.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Nani?"

"Mwasiti, mjomba. Mama... mama ametutoka."

Mjomba Kitwana akacheka, kicheko cha mzee aliyetegwa akauona mtego.

"Ahaa! Mmefika mpaka huku! Na jina la dada yangu mnalijua!"

"Mjomba, ni mimi! Nakuapia..."

"Unalia, eh? Lia, mwanangu, lia. Dalili ya kwanza hiyo! Haya, una haraka?"

"Ijumaa wanamchukua, mjomba!"

"Ya pili! Kifo umeshataja. Bado moja tu. Hebu niambie, unataka nini?"

Mwasiti alijua akisema ndio mwisho, na asiposema ndio mwisho. "Fedha za kumtoa mochwari," alisema.

"Mama Salome! Njoo usikie!" Mzee alikuwa akimwita mkewe, na furaha yake ilisikika kama ya mtu aliyenasa samaki mkubwa. "Nimempata wa kwangu! Kamili, dalili zote!"

Akakata.

Mwasiti alimpigia binamu yake, Shomari, ambaye mwaka alipovunjika mguu, Mwasiti ndiye aliyemuuguza kwa mikono yake. Shomari alisikiliza hadi neno "amefariki", akasema, "Sauti umeiga vizuri, na namba yake pia, hongera," akakata. Alimpigia mkwe wa Shomari, aliyekata kabla ya salamu, kwa kujihami. Alimpigia binti wa Mjomba Kitwana, na huyo akamwambia kwa huruma, "Dada, tafuta kazi halali. Hata mama yako huko alipo hafurahi," akakata. Kila mmoja baada ya kukata alipiga namba ya Wizara kutoa taarifa. Hakuna aliyefikiri kupiga namba ya Mwasiti, waliyokuwa nayo wote. Bango halikuwaambia.

Mwisho alimpigia mama yake mdogo, Bi Hadia, aliyeolewa Upembe, kule milimani ambako barabara huishia. Simu iliita sana. Bi Hadia akapokea.

"Mama mdogo," alisema Mwasiti, "mama hayupo..."

Ikakatika.

Mwasiti aliiweka simu juu ya meza ya kupigia pasi, akaitazama kama mtu anavyomtazama mbwa wake mwenyewe aliyemng'ata. Majirani walileta kuni, wakaleta maji na uji. Waliketi naye mkekani mchana kutwa. Lakini walikuwa wameshatoa, na hakuna aliyethubutu kununua kifo kingine.

*

Jumatano, akiwa amebaki peke yake bandani na nguo za watu ambazo hakuwa na nguvu ya kuzigusa, Mwasiti alifanya jambo ambalo hakuwahi kusikia mtu amelifanya. Alimpigia mwizi.

Mwizi alipokea mara moja. Kwa siku tatu huyo ndiye alikuwa mtu wa kwanza kupokea simu yake asiikate.

"Dada Mwasiti," alisema kwa sauti ileile laini. "Poleni tena. Mmeshazika?"

"Tungezika kwa fedha gani, kaka? Si wewe unazo?"

Yule mtu hakubisha. Alisikika akivuta kiti, kama mtu anayejiweka tayari kwa mazungumzo ya heshima.

"Eleza, dada. Nakusikiliza."

Basi akamweleza. Alimweleza habari za karani, ofisa, Mjomba Kitwana na kicheko chake. Alimweleza na habari ya lori la Ijumaa. Yule mtu alisikiliza mpaka mwisho, akiitikia "mh" na "Mungu wangu" pale panapostahili, na Mwasiti, ambaye hakuna ndugu aliyempa nafasi hiyo, alijikuta anamsimulia hata mambo ya zamani, jinsi Bi Chausiku alivyokuwa akipepea mkaa wa pasi kwa kipepeo cha ukili huku anaimba, na jinsi siku za mwisho alivyodai apelekewe shuka alilolinyoosha mwanawe, kwa kuwa ya hospitali yana mikunjo.

"Sikuombi zote," alisema Mwasiti. Sauti yake ilikuwa imekwisha. "Nirudishie za mochwari tu. Zilizobaki kaa nazo, nimekusamehe, duniani na akhera. Leo au kesho, kaka. Nakuomba."

Mwizi alifikiri kwa dhati, kiti kikilia chini yake.

"Dada," alisema hatimaye, "unajua mimi nami nina bango hapa chumbani?"

"Kaka..."

"Unalia. Una haraka. Unataja kifo, tena unaniomba fedha." Alipumua. "Mimi ni mtu wa kazi hii, dada. Hivi ndivyo tunavyoongea. Nitajuaje?"

Akakata.

Kesho yake asubuhi redio ya taifa, baada ya kueleza safari za Waziri, ilitangaza kwamba beji ya Raia Macho ya wiki ile imekwenda kwa raia mwema asiyetaka jina lake litajwe, aliyekata simu ya mwanamke tapeli aliyejifanya amefiwa. Waziri alimsifu kwa ujasiri. Alisema taifa linahitaji vijana wa namna hiyo.

*

Ijumaa asubuhi lori la halmashauri lilisimama nyuma ya mochwari, injini ikinguruma. Wanaume wawili waliovaa glavu walitoa wasio na wenyewe, mmoja baada ya mwingine, wamefungwa katika turubai nyeupe. Mwasiti alisimama kando ya mlango. Mzuzuri alimwonyesha kwa kidevu, taratibu, turubai ya nne.

Simu yake ikaita.

Namba ilikuwa ngeni. Alipopokea, alimsikia mwanamke analia kwa sauti ya juu, na nyuma ya kilio chake upepo mkali ulikuwa ukipuliza.

"Mwanangu! Mwasiti mwanangu! Dada yangu yuko wapi?"

Mwasiti alitaka kulia naye, kama inavyopasa. Midomo ilishafunguka. Lakini alikumbuka kilio kingine, kizuri kama hiki, na dua isiyo na kosa. Akaitazama turubai ya nne, akavunja desturi ya mababu zake wote.

"Nani mwenzangu?" aliuliza.

Kule upande wa pili kilio kilikatika kana kwamba kimekatwa na kisu.

"Umesemaje?"

"Nimeuliza wewe ni nani."

"Unaniuliza jina? Mimi? Kwenye kifo cha dada yangu?"

"Kama ni wewe, mama mdogo, unisamehe, nitakuja kukupigia magoti. Kama si wewe, sina kitu kilichobaki cha kuibiwa. Niambie jambo. Jambo ambalo haliko kwenye kundi la msiba."

Upepo ulipuliza. Wanaume wa glavu walifunga mlango wa nyuma wa lori.

"Khanga yangu ya harusi," alisema Bi Hadia taratibu, na hasira ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, "ina alama ya pasi katikati. Ulipanda kigoda ukitaka kuninyooshea, una miaka mingapi sijui, ukaisahau pasi juu yake. Nilitaka kukuchapa. Dada akanishika mkono. Akasema, mwache, huyu atakuwa dobi."

Mwasiti aliinama mpaka paji la uso likagusa ukuta wa mochwari.

"Na wewe," alisema Bi Hadia, "maana kumbe ndiyo mnavyofanya huko mjini. Uliniambia nini siku hiyo?"

"Sikukwambia kitu. Nilijificha uvunguni. Wewe ndiye uliyesema utaivaa hivyo hivyo, watu wajue una mtoto mjini."

Hapo wakalia wote wawili, kama inavyopasa.

Bi Hadia alieleza kwamba ile Jumatatu hakukata. Mtandao ndio uliokata, kama kawaida yake. Kule Upembe hakuna simu inayofika mwisho wa maneno, na kwa sababu hiyo watu wa huko wana mazoea yao: ikikatika, unapanda kilima cha ng'ombe, unampigia mwenyewe yule aliyekupigia, kwa namba unayoijua. Watoto hufundishwa hivyo kabla ya kujua kusoma. Lakini simu yake iliisha moto, na umeme wa jua wa kijiji uliharibika, akangoja, kisha akaazima simu ya mwalimu. Bango la Wizara hakuliona. Gari lililotumwa Upembe na mabango lilikodiwa njiani kubeba viti vya harusi ya mpwa wa Waziri.

"Nina mbuzi watano," alisema Bi Hadia. "Nitawauza wote. Mnada ni Jumapili."

Mwasiti alilitazama lori.

"Jumapili, mama mdogo," alisema, "ni mbali."

*

Sheria ya halmashauri ilikuwa wazi. Jamaa wa maiti hapandi lori la wasio na wenyewe, kwa sababu akipanda, maiti amepata mwenyewe, na mwenye mwenyewe anadaiwa. Turubai ingerudishwa ndani, deni lingeanza kukua upya, na Ijumaa nyingine ingekuja vilevile.

Kwa hiyo Mwasiti alitembea nyuma ya lori. Si mbali, makaburi ya halmashauri yako nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa ameishika simu sikioni muda wote, na Bi Hadia alikuwa amesimama kilimani kwake, kwenye upepo, hataki kukata.

Shimo lilikuwa moja, refu kama mfereji. Ofisa wa halmashauri, mwenye beji mbili, alimwona mwanamke amesimama ukingoni.

"Mama, wewe ni nani wao?"

Mwasiti alilitazama shimo. Walikuwa wanamteremsha wa tatu.

"Mpita njia," alisema.

"Humjui yeyote humu?"

Wa nne alikuwa mikononi mwao. Turubai ilikuwa na mikunjo mibaya, na aliyeifunga hakujali kabisa. Mwasiti alikaza mkono wake wa kulia, ule wa pasi, usijinyooshe wenyewe.

"Simjui," alisema.

Ofisa akaridhika. Aligeuka aende, kisha akasita, akasikiliza. Kutoka kwenye simu ilitoka sauti ya mwanamke akiomboleza, akilitaja jina la Bi Chausiku, na la baba yake, na la babu yake, majina ambayo hakuna jiwe lingeyaandika mahali pale.

"Na huyo anayelia ni nani?"

Mwasiti aliishika simu kwa mikono miwili. Ofisa akatikisa kichwa. Alikuwa mtu mwema, hakutaka raia aibiwe mbele yake.

"Anataja kifo," alimnong'oneza, akigonga beji yake kwa kidole. "Hao ndio wenyewe. Kata simu, mama."

Mwasiti hakukata. Alinyoosha mkono, akaishika simu juu ya shimo, sauti ikaangukia chini huko pamoja na udongo, jina baada ya jina, mpaka udongo wa mwisho uliposawazishwa kwa mgongo wa koleo.

Ndipo ikakatika yenyewe, kama zinavyokatika simu za Upembe.

Lori liliondoka. Vumbi likatulia. Mwasiti alisimama palepale na simu kiganjani, hakupiga, hakuondoka. Alikuwa anajua sasa watu wa kule wanavyofanya.

Ikaita.